Mzee Aliuliza Kama Redio Yangu Inajua Kiswahili

Tulikuwa tumeshaipita Adair, jimbo la Iowa, pale mitambo ya upepo inapojipanga kushoto na kulia kwa barabara kuu ya I-80, Mzee aliponyoosha kidole kwenye redio.

"Hii inatoka wapi?"

Nikamwambia inatoka juu, kwenye setilaiti. Nilieleza kwa raha, maana tangu nilipoifunga hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia stesheni za Des Moines zimeshaanza kukatika hapa tulipo, lakini hii tutaingia nayo Omaha, na kama tungekuwa na mafuta na muda tungefika nayo California bila kugusa kitu.

Mzee alinyamaza. Alikuwa amevaa koti lake la misibani, kofia kaipakata. Mitambo ikapita, mmoja, wa pili, wa kumi.

"Inatoka juu kabisa," akasema. "Sasa kwa nini haiongei Kiswahili?"

Nikajibu ili mradi nijibu. "Hawajaweka, Mzee." Akaguna "Ee," akageukia dirishani, na sikusikia neno jingine kwake mpaka tulipovuka mto Missouri.

Hiyo ilikuwa Novemba. Wiki sita nimekaa na swali hilo: juu ya ngazi kazini, kwenye foleni ya dukani, usiku nikiwa nimeshazima taa. Kila nikiwasha gari nalikuta linanisubiri pale kwenye kioo cha redio.

## Msimbo uliokosekana

Pikapu yangu ni Chevrolet Silverado ya mwaka 2005. Niliinunua kwa mkulima mstaafu, mashariki ya Des Moines, ikiwa na vumbi la mahindi katika kila mshono. Miaka ile GM, watengenezaji wa Chevrolet, walikuwa wakibandika stika ndani ya droo ya dashibodi, imejaa misimbo ya alama tatutatu; kila msimbo ni kitu kimoja ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Ukijua kuisoma, unamjua mtu aliyeliagiza. Yangu ina Z82, vifaa vya kuvutia tela zito. Haina U2K.

U2K ndiyo redio ya setilaiti.

Kwa hiyo kuna siku mtu aliketi mbele ya karatasi akasema tela ndiyo, setilaiti sihitaji. Ninamwelewa. Mtu ambaye maisha yake yote yamo ndani ya shamba moja hahitaji redio ya bara zima. Mimi ni fundi umeme wa mabanda ya mifugo. Asubuhi naweza kuwa Ames, jioni niko karibu na mpaka wa Nebraska, na FM ya huku huanza kukwaruza ukishauacha mnara wake kilomita 80 au 100 nyuma.

Lakini niseme ukweli, umbali haukuwa sababu kubwa.

Nilikuja kugundua kwamba redio iliyomo kwenye dashibodi, ileile ya kiwandani, ilikuwa tayari. Ukibonyeza kitufe cha BAND inazunguka: FM1, FM2, AM, unarudi mwanzo. Ikikuta boksi la XM, kampuni ya redio ya setilaiti, kwenye waya wa mawasiliano wa gari, kitufe hichohicho kinaongeza XM1 na XM2. Hubadilishi redio, huongezi kitufe. Uwezo umo ndani tangu siku ya kwanza, umelala kwa sababu tu siku ile hapakuwekwa alama kwenye kisanduku cha karatasi.

Miaka 18 umelala.

Mwingine angepita na hamsini zake. Mimi nikishajua kuna kitu kizima kimezimwa mahali, usingizi wangu hauwi sawa mpaka nikiwashe.

## "Simu unayo"

Mke wangu aliuliza swali la haki: simu unayo, inakuletea chochote cha dunia hii, unataka nini tena? Na kweli, nilikuwa na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti, kinachochukua sauti ya simu na kuirusha kwenye FM ya gari, maana redio yangu haina pa kuchomeka simu. Nilikitumia miaka miwili na sikukipenda hata siku moja. Waya wake unaning'inia mbele ya goti. Taa yake ya buluu inakumulika usiku. Ukikaribia mji wowote, stesheni ya watu inakuja juu ya masafa uliyoyachagua na kuifunika simu yako, unaanza kutafuta masafa mengine huku unaendesha.

Nilitaka kitu kilichokaa mahali pake. Nilitaka mtu akipanda gari asione kwamba kuna kilichoongezwa. Neno nililokuwa nikilisema nyumbani ni "kama ya kiwandani", nikalisema mpaka watoto wakaanza kulitumia kwa chapati.

Ukiishi ugenini muda mrefu unachoshwa na vitu vya muda. Godoro la muda, kazi ya muda, kibali cha muda, nyumba ambayo hupigilii msumari ukutani kwa kuwa si yako. Leo naamini hilo ndilo lililokuwa chini ya ubishi wangu wote na mke wangu. Wakati ule nilidhani tunabishana kuhusu waya.

## Tundu kwenye paa

Boksi la XM la magari ya GM ya miaka ile halizidi daftari nene. La kwanza niliagiza la mitumba, likafika limekufa. Fedha zangu nilizipata baada ya wiki tatu za kuandikiana na muuzaji. La pili lilikuwa zima. Waya zake za maana ni sita: umeme wa kudumu kutoka betri, hasi, sauti ya kushoto, sauti ya kulia, waya wa pamoja wa sauti, na wa sita ndio wenyewe, waya wa mawasiliano. GM waliuita Class 2. Ni waya mmoja mwembamba ambao injini, breki, geji za dashibodi na redio hupitishia mazungumzo yao kwa zamu, biti 10,400 kwa sekunde, mwendo wa kobe kwa vipimo vya leo. Ukiuharibu huo, hujaharibu redio peke yake.

Nilivua fremu ya dashibodi Jumamosi asubuhi. Nikapima kila waya mara mbili kwa testa kabla ya kukata chochote, nikaunga kwa risasi, nikafunika kila kiungo kwa mpira wa kusinyaa, nikalifunga boksi chini ya kiti kwa skrubu nne. Hiyo ni kazi ninayoifanya kila siku, haikunitia wasiwasi.

Paa ndilo lililonitia wasiwasi.

Setilaiti za XM zimekaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000 kwenda juu. Kutoka Iowa unazitafuta kusini, karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Antena lazima ilione anga. Zipo antena za sumaku: unaibandika juu ya paa, unapitisha kebo mlangoni, dakika 10 umemaliza. Ya kiwandani hukaa juu ya paa na kebo yake hushuka ndani kupitia tundu. Kwa hiyo ni kutoboa.

Iowa humwaga chumvi barabarani majira ya baridi, na kila tundu kwenye bati ni mlango wa kutu. Nilikuwa nimeshashusha kitambaa cha dari. Nilikuwa nimeshaweka alama ya kalamu katikati ya paa. Nikasimama juu ya ngazi na drili mkononi, nikashindwa. Gari hili limekaa miaka 18 halijavuja tone. Nalitoboa ili nisikie nini? Nilijiuliza hivyo kwa sauti, peke yangu uani. Sikupata jibu. Nikashuka, nikanywa chai, nikapanda tena, nikatoboa.

Kisahani cha bati kilianguka ndani, juu ya kiti, kidogo kama sarafu. Upande mmoja rangi ya fedha ya gari, upande wa pili rangi ya chini ya kiwandani ambayo haikuwahi kuona jua. Kilikuwa cha moto bado nilipokiokota. Ninacho mpaka leo, kimo kwenye droo, chini ya ile stika. Nilipaka kingo za tundu rangi ya kuzuia kutu tabaka tatu, nikaziacha zikauke usiku kucha, ndipo nikaiketisha antena juu ya mpira wake na silikoni.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, nikarudisha nguzo ya betri. Nikazungusha ufunguo. BAND. FM1. FM2. AM.

XM1.

Sikumwita mtu. Nilikaa garini peke yangu, mlango wazi, nikasikiliza chaneli ya 1, ile inayosikika bure hata kabla hujalipia. Ilikuwa inatangaza vipindi vyake tu. Nikaisikiliza kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari siku ya uchaguzi.

Chaneli ya 0 haina sauti. Inaonyesha kitambulisho cha boksi lako, alama nane. Hazitumii herufi I, O, S wala F, ili watu wasizichanganye na nyingine wakizisoma kwenye simu. Nilizisoma moja moja, dada wa upande wa pili akazirudia kwa lafudhi yake, nami nikaitikia kwa yangu. Hatukukosea hata moja. Dakika chache baadaye chaneli zote zilifunguka. Nimewahi kukaa nikamfikiria mtu aliyeamua kuziondoa herufi hizo nne. Alimfikiria mtu kama mimi.

## Ujiji, jioni

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, Kigoma. Nyumbani kwetu Ujiji kulikuwa na redio ya National ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu, na waya uliotoka nyuma yake ukapita dirishani, ukapanda mwembe. Waya ule baba aliufunga mwenyewe. Sisi watoto tulikatazwa kuupanda mwembe ule upande wa waya. Embe za upande huo ziliozea juu.

Jioni majirani walikuja barazani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Radio Tanzania, wakati mwingine Bujumbura. Sauti ilikuja na kuondoka kama wimbi la ziwa: inajaa, inafifia, watu wanainamisha vichwa pamoja kuifuata, inajaa tena. Baba aliweka vidole viwili kwenye kidude cha kutafutia mawimbi na hakuviondoa mpaka habari ziishe. Habari ikikatikia mahali pabaya, watu wazima walibishana usiku kucha nini kilikuwa kimesemwa pale katikati.

Redio ninayoendesha nayo leo haikatiki. XM walipoanza, walirusha matangazo yaleyale kutoka setilaiti mbili, moja ikiwa sekunde chache nyuma ya nyingine, na boksi linayashona pamoja. Ukipita chini ya daraja, ambapo hakuna anga ya kuonekana, linacheza kile lilichokwisha kuhifadhi. Kuna madaraja mengi juu ya I-80. Nimepita chini yake mara mia, na kila mara nasikiliza kama itakatika. Haikatiki. Baba angelipenda jambo hili kuliko mimi.

Mzee anatoka Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Aliondoka kwao vita vya mwaka 1996, akaishi kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, miaka karibu 20 kabla ya kuletwa huku. Ndiyo maana mimi humwamkia shikamoo naye huitikia marahaba kama mtu wa Kigoma. Kambini alikuwa na redio ya betri. Alinisimulia kwamba mara nyingi walisikiliza Radio Kwizera, ile iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao. Kwake yeye redio ni kitu kinachomfuata mtu alipokimbilia. Ndiyo maana aliniuliza vile. Hakuwa analalamika. Alikuwa anauliza kama redio hii imeambiwa kwamba tumehamia huku.

Nilipolielewa hilo ndipo usingizi uliponiruka vizuri.

## Anga yetu ilitangulia

Mwaka 2002 hivi, nikiwa bado najifunza ufundi, nilitumwa kubadilisha soketi katika ofisi ya shirika moja la misaada, Kigoma mjini. Dirishani palikuwa na kibao bapa, hakizidi kitabu cha shule, kimelazwa karibu chali kikitazama juu. Waya wake uliingia kwenye redio ndogo mezani. Sauti iliyotoka pale haikuwa na punje moja ya mchanga. Mimi niliyekulia chini ya ule mwembe nilisimama na bisibisi mkononi mpaka nikaulizwa kama kuna tatizo. Wakaniambia hiyo ni WorldSpace, inatoka kwenye setilaiti. Nikadhani ni kitu cha Wazungu, wamekuja nacho kutoka kwao.

Wiki hizi sita nimesoma habari zake, na haikuwa hivyo. WorldSpace ilianzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Alitaka redio ifike hasa kule taarifa zisikofika. UKIMWI ulikuwa unaua watu ambao hawakuwa na wa kuwaambia. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998 na kuketi juu ya ikweta kwenye longitudo ya 21 mashariki. Fungua ramani uweke kidole hapo. Ni Kongo. Kibao kile cha Kigoma kililala chali kwa sababu setilaiti ilikuwa karibu utosini mwetu.

XM ilianza kusikika Marekani Septemba 2001. Sirius, mshindani wake, ikafuata 2002. Afrika ilikuwa na redio ya setilaiti kabla ya Marekani.

Na kuna zaidi. WorldSpace ilikuwa miongoni mwa waliotia fedha katika kampuni iliyokuja kuwa XM. Boksi lililo chini ya kiti changu na kibao kile cha dirishani ni wa ukoo mmoja. Niliposoma hilo nilitoka nje usiku, nikafungua mlango wa gari, nikaliangalia lile boksi kwa tochi. Hakuna la kuona pale, ni bati na waya. Lakini nililiangalia.

Kisha ikaja 2008. Julai mwaka ule XM na Sirius ziliruhusiwa kuungana, zikawa kitu kimoja na zikaishi. Oktoba mwaka uleule WorldSpace ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Vipokezi vyake vilikuwa vya bei ambayo mkulima wa Kasulu hawezi kuigusa, na biashara iliegemea ada ya kila mwezi, huku redio ya betri ikitoa sauti bure. Hata mimi, mwaka ule wa 2002, kama ningeuziwa kwa nusu ya bei nisingeweza. Kwa hiyo siwezi kusema watu waliikataa. Haikuwahi kufika mikononi mwao wakaikataa.

## Hesabu ya waliotawanyika

Nimejaribu kulijibu swali la Mzee kama fundi. Nafasi angani ina mpaka. XM na Sirius kila mmoja alipewa upana wa megahezi 12.5 na si zaidi, na chaneli zote zinagawana humo. Kuingiza chaneli mpya maana yake ni kubana nyingine. Ila sauti ya maongezi hula nafasi ndogo kuliko muziki, kila mrusha matangazo analijua hilo. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja kwa siku ingekuwa mzigo mwepesi.

Halafu nimejaribu kulijibu kama mfanyabiashara, na hapo ndipo ninapokwama. Jibu la kawaida ni kwamba sisi ni wachache. Kweli, Des Moines tuko wachache. Omaha wachache. Lakini madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili wako Dallas, wako Louisville, wako Columbus, na usiku huu wengi wao wako barabarani katikati ya miji hiyo, mahali pasipo na FM. Stesheni ya mji mmoja haiwezi kuwahesabu watu wa namna hiyo, kwa kuwa katika kila mji ni wachache. Setilaiti ndiyo pekee inayoweza kuwahesabu wote kwa pamoja, maana kwake bara zima ni mtaa mmoja. Chombo kilichotufaa kuliko vyote ndicho kisichotujua. Sina hasira na mtu. Ila sikubali tena kwamba ni jambo la kawaida tu, kama nilivyokubali siku ile nilipomwambia Mzee "hawajaweka".

Baada ya msiba, tulipokuwa tunarudi kutoka Omaha, nilimwekea chaneli ya BBC World Service, ya Kiingereza. Aliitambua milio ya saa, akatabasamu, kisha maneno yakaanza na tabasamu likaisha. Nikamtafutia ya Kifaransa, ya kutoka Kanada, maana Kifaransa alisoma shule. Akasikiliza dakika tano kwa adabu.

"Ninakielewa," akasema. "Ila chenyewe hakinijui."

## Arobaini

Jumamosi iliyopita tulikwenda tena Omaha, arobaini ya yule rafiki yake wa tangu kambini. Waliimba, wakala, wakagawana majukumu ya watoto wa marehemu. Tulianza kurudi usiku. Theluji ilikuwa pembeni, barabara kavu, nyeupe kwa chumvi. Niliwaza tundu langu la paa, kama ninavyoliwaza kila nikiona chumvi.

Baada ya Avoca taa za nyumba huisha. Mzee akatoa simu, akaibana sikioni. Alikuwa na ujumbe wa sauti, lakini muungurumo wa matairi ulimshinda. Akaisukuma zaidi sikioni, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akafumba macho. Nilimtazama kwa pembe ya jicho, vidole viwili vimeikamata simu ile namna ambayo niliwahi kuiona.

Nikatoka barabarani, nikasimama kwenye kituo cha mafuta.

Nikafungua droo. Kile kidude cha kiberiti kilikuwa chini kabisa, waya umejisokota, kimelala pamoja na kisahani cha bati. Nikakichomeka. Taa yake ya buluu ikawaka. Nikachomeka waya wa pili kwenye simu ya Mzee, nikabonyeza BAND kuondoka XM mpaka FM, nikatafuta masafa matupu. Hayakunichukua muda. Palepale stesheni za miji zinapokufa, kidude kinapata anga yake, hakuna wa kukifunika. Miaka miwili niliyokitumia sikuwahi kuliona hilo, kwa kuwa nilikuwa nasikilizia kero zake.

Tukarudi barabarani. Mzee akabonyeza.

Alikuwa mjukuu wake, Nyarugusu. Huku ilikuwa saa tatu usiku, kule saa kumi na mbili asubuhi. Ameamka tu akarekodi. Akasema mvua imenyesha, muhogo umepanda bei, mdogo wake homa imemtoka na jana alikula. Akauliza huko Marekani babu anavaa nini na baridi yote hiyo. Waya uliningʼinia mbele ya goti langu. Sauti ilijaa gari lote, spika za mbele na za nyuma, na katikati ya maneno yake jogoo akawika karibu kabisa na simu, akawika tena, mwingine akamjibu kwa mbali.

Ujumbe ukaisha. Giza la Iowa likapita dirishani.

"Rudisha," Mzee akasema. "Pale kwa jogoo."